Kutoa Vipande Kwenye DVD za Harusi na Maulidi Bila Picha Kuchakaa: Dalili, Chanzo na Tiba

Nyumba nyingi hapa Tanga, kuanzia Ngamiani hadi Makorora na Chumbageni, bado zina DVD za miaka ya 2000 na 2010 zilizofungiwa kabatini: harusi, sendofu, maulidi, mahafali ya madrasa, shughuli zilizohudhuriwa na wazee ambao leo hatunao. Deki nyingi zimeshakufa, na televisheni nyingi mpya hazina tundu za nyaya za zamani. Sasa watu wanataka dakika mbili tatu tu kutoka humo: bibi akimtunza bibi harusi, babu akiomba dua, dada aliyehamia mbali akicheza na wenzake. Wanajaribu wenyewe au wanaleta kwa fundi, na malalamiko ni yale yale. Nimeyapanga kwa dalili, nikianza na chanzo kinachotokea mara nyingi, na ukaguzi mwepesi kabla ya kazi nzito.

Jambo moja lieleweke kwanza. Picha iliyomo kwenye DVD tayari ni ya kidijitali, kwa hiyo kuitoa ni kuinakili kama ilivyo. Ukielekeza simu kwenye televisheni, ukirekodi skrini, ukipitisha waya wa njano, mwekundu na mweupe kwenye kifaa cha kunasia, au ukitumia programu inayokonvati (inayobadilisha aina ya video) bila wewe kujua, unapata picha iliyochorwa upya, na kila kuchora upya kunapunguza kitu. Hivyo kazi inakwenda kwa mpangilio huu: nakili diski nzima kwenye kompyuta, kata kutoka kwenye nakala bila kukonvati, hifadhi kipande hicho, kisha kama simu inadai, tengeneza toleo la pili la kutuma. Lile la kwanza usiliguse tena.

Programu zinazohitajika ni za bure: VLC ya kutazamia, MakeMKV ya kutolea video nzima (upande wa DVD hailipiwi), Avidemux au LosslessCut ya kukatia, na ffmpeg kwa asiyeogopa kuandika amri. Haya yote nayaandika kwa ajili ya diski zenu wenyewe, za shughuli zenu. Filamu na taarabu za kununua zina wenyewe, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawalinda.

Ndani ya diski kuna nini

Ukiifungua DVD kwenye kompyuta utaona folda iitwayo VIDEO_TS. Mafaili ya IFO ni maelekezo, ya BUP ni akiba ya maelekezo hayo, na ya VOB ndiyo yenye picha na sauti. VTS_01_0.VOB huwa ni ile menyu ya maua na njiwa tu. Shughuli yenyewe inaanzia VTS_01_1.VOB, inafuata VTS_01_2.VOB na kuendelea, kila faili halizidi GB 1. Kwa hiyo harusi ya saa mbili imegawanywa katika mafaili manne au matano, na mgawanyo huo haujali tukio. Shehe anaweza kuanza kuozesha kwenye faili la pili akamalizia kwenye la tatu. Likumbuke hilo, maana matatizo mengi ya sauti yanaanzia hapo.

Kwa mfumo wa televisheni wa PAL uliotumika huku kwetu enzi hizo, picha ina upana wa nukta 720 na urefu wa nukta 576, fremu (picha moja moja) 25 kwa sekunde, katika mtindo wa MPEG-2. Hivyo ndivyo kipande chako kinavyotakiwa kubaki.

Dalili: kompyuta haioni diski, au inasema ni tupu

Anza na diski nyingine unayojua ni nzima. Nayo ikikataa, tatizo liko kwenye draivu au umeme wake. Draivu za nje za USB zinakula umeme mwingi wakati diski inaanza kuzunguka. Ukiichomeka kwenye kigawanyio cha USB utasikia inakwaruza, inazima, inawaka tena. Ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, na kama waya wake una vichwa viwili chomeka vyote.

Diski nyingine ikisoma, igeuze yako uitazame kwenye mwanga. Alama za vidole na vumbi ndicho chanzo cha kawaida kabisa. Chukua kitambaa laini cha pamba, kilowe kidogo kwa maji safi, futa kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Usizungushe, kwa sababu mkwaruzo unaofuata duara unaziba data nyingi mfululizo, na unaokata kuelekea ukingoni unaziba kidogo kidogo. Dawa ya meno iacheni mswakini. Hapa pwani kuna jambo la ziada: diski zilizokaa kwenye mifuko ya plastiki tangu masika kadhaa zilizopita huota ukungu mweupe au kubaki na unyevu. Ziache zikauke kivulini siku nzima kabla ya kuzijaribu. Juani hapana, maana rangi inayobeba data kwenye diski za kuchoma inaharibiwa na jua na joto.

Chanzo kinachofuata kinawashangaza wengi: diski haikufungwa (kwenye menyu huandikwa Finalize). Kamera za diski ndogo na mashine za kurekodia DVD huiacha wazi hadi mtu achague kuifunga, na bila hivyo kompyuta huiona tupu ingawa ukiitazama kwa nyuma unaona pete nyeusi ya sehemu iliyorekodiwa. Kama kamera ile ile bado ipo kwa ndugu yeyote, irudishe humo uifunge. Hiyo ndiyo njia safi. Kamera ikiwa imeshatoweka, programu ya IsoBuster inaweza kusoma baadhi ya diski zilizo wazi, ingawa ina sehemu za kulipia.

Onyo: Windows ikikuuliza kama unataka kuiandaa diski hiyo kwa matumizi, kataa. Ukikubali unaandika juu ya harusi ya watu.

Simama hapa kama diski ina ufa unaoanzia tundu la katikati. Draivu ya kompyuta ya mezani inaweza kuzungusha diski zaidi ya mara 9,000 kwa dakika, na diski yenye ufa hupasuka humo ndani vipande vipande. Hiyo ni ya mtaalamu wa kurejesha data. Karatasi ya gundi iliyobandikwa juu na studio nayo usiibandue. Inaweza kuondoka na tabaka la data.

Dalili: inacheza, lakini kunakili kunakwama katikati

Mara nyingi ni mkwaruzo au uchafu ambao deki iliuruka bila kukwambia. Deki ikikuta sehemu mbovu inagandisha picha kidogo inaendelea. Kompyuta ikinakili faili inataka kila baiti, ikikosa moja inasimamisha kazi nzima.

Futa diski, jaribu tena. Halafu jaribu draivu nyingine, maana draivu hazilingani: diski iliyokataa kwenye laptopu mpya inaweza kukubali kabisa kwenye kompyuta kuukuu ya jirani. Tatu, punguza mwendo. Programu ya ImgBurn ina mahali pa kuchagua kasi ya kusoma. Weka 4x na utengeneze faili la ISO, yaani nakala ya diski nzima ndani ya faili moja. Unapoisakinisha soma kila ukurasa, usikubali programu za pembeni.

Ikishindikana, tumia programu ya ddrescue kwenye Linux, mfumo wa kompyuta kama ilivyo Windows. Huhitaji kuisakinisha Linux, unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi. Amri ni mbili:

`ddrescue -n -b 2048 /dev/sr0 harusi.iso harusi.map`

`ddrescue -d -r 3 -b 2048 /dev/sr0 harusi.iso harusi.map`

Ya kwanza inachukua kila kinachosomeka kirahisi na kuruka palipoharibika. Ya pili inarudi kwenye mashimo na kuyajaribu tena mara tatu. Uzuri wake uko kwenye lile faili la map, linaloandika ni sehemu zipi zimepatikana na zipi bado. Unaweza kuhamishia diski kwenye draivu nyingine, ukaendesha amri ya pili na faili lile lile, nayo ikajaza mashimo yale tu. Draivu mbili mbovu zikishirikiana hivi hutoa diski ambayo hakuna hata moja ingeiweza peke yake. Umeme ukikatika katikati, rudia amri ile ile, inaendelea ilipoishia.

Itazame diski mara ya mwisho kabla ya kukata tamaa. Data ya DVD iko katikati ya matabaka mawili ya plastiki, kwa hiyo mkwaruzo wa upande wa chini unaweza kusuguliwa kwa mashine na kuondoka. Matundu yanayopitisha mwanga, au madoa ya kahawia yanayotoka ukingoni, yanamaanisha data yenyewe imeondoka, na kusugua hakutaleta kitu. Hapo chukua kilichopatikana.

Dalili: kipande kimetoka, ila picha ina ukungu kuliko ilivyokuwa kwenye deki

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na kinachouma ni kwamba mara nyingi mtu halioni mapema. Anakonvati, anafurahi, anagawa diski au anaitupa, na miaka miwili baadaye anaiona kwenye televisheni kubwa na uso wa mama hauna macho, una mabaka.

Chanzo cha kwanza, na kwa mbali: programu imechora picha upya. Programu nyingi za kubadilisha DVD kuwa MP4 zinafanya hivyo daima. Hata HandBrake, ambayo ni programu nzuri na ya bure, kazi yake ni hiyo hiyo; haina namna ya kuinakili video kama ilivyo. Dalili za kukonvati ni tatu, na unaweza kuzikagua kwa dakika moja.

Muda. Kukata dakika tatu bila kukonvati ni kazi ya sekunde chache. Ukiona asilimia inapanda polepole na feni ya laptopu inavuma, picha inachorwa upya.

Aina. Fungua kipande kwenye VLC, bonyeza Ctrl na J. Palipoandikwa kodeki (aina ya video) panatakiwa pasomeke MPEG-1/2 Video, na vipimo 720 kwa 576. Ukikuta H264, hicho si kilichokuwa kwenye diski.

Uzito. DVD ya saa mbili iliyojaza GB 4.7 inatumia wastani wa megabiti 5 kwa sekunde, kwa hiyo dakika tatu zinakuja karibu MB 110. Ukipewa kipande cha MB 15 jiulize zile nyingine zimekwenda wapi.

Tiba ni kurudi kwenye diski na kukata upya. Kwa Avidemux: fungua VTS_01_1.VOB, na ikikuuliza kama ipakie mafaili yote yanayofuatana, kubali. Upande wa kushoto, kwenye video acha Copy, kwenye sauti acha Copy, na chini kabisa chagua MKV Muxer (MKV ni aina ya faili la video). Sogea hadi mwanzo wa tukio, bonyeza alama ya A, sogea hadi mwisho, bonyeza B, hifadhi. Neno Copy ndilo linalolinda picha. Ukilibadilisha kuwa jina lingine lolote, umekonvati.

Kwa ffmpeg, kwanza unganisha mafaili yote yawe MKV moja:

`ffmpeg -fflags +genpts -i "concat:VTS_01_1.VOB|VTS_01_2.VOB|VTS_01_3.VOB" -map 0:v -map 0:a -c copy harusi.mkv`

Kisha kata:

`ffmpeg -ss 00:12:30 -i harusi.mkv -t 180 -map 0 -c copy dua.mkv`

Hiyo ni dakika tatu kuanzia dakika ya 12 na nusu. MakeMKV inafanya hatua ya kwanza kwa kubonyeza tu, na kwa wasiopenda amri ndiyo ninayoipendekeza, kwa sababu inasoma mpangilio wa kwenye IFO na kuunganisha sawasawa.

Chanzo cha pili ni skrini. Picha ya nukta 720 kwa 576 ilipendeza kwenye televisheni ya zamani ya inchi 21. Kwenye skrini ya inchi 50 inavutwa na kuonekana laini, hata kama hakuna kilichopotea. Linganisha kwa haki: cheza diski na kipande kwenye skrini moja, sekunde ile ile, vikiwa vimesimamishwa. Vikifanana, kazi yako ni safi. Usijaribu kuipandisha iwe HD ukidhani maelezo yatarudi. Faili litakuwa kubwa na sura zitabaki zile zile.

Cha tatu ni diski yenyewe. Studio nyingine ziliminya harusi ya saa nne kwenye diski moja ili kuokoa diski ya pili, na hapo wastani unashuka hadi megabiti 2.6 kwa sekunde. Mabaka yanayotokea mahali pale pale kila ukicheza, hasa watu wakicheza ngoma au taa zikimeta, yamezaliwa studio. Muulize aliyepiga kama bado ana mikanda ya MiniDV (mikanda midogo ya kamera). Ukiipata, hiyo ndiyo asili, na ina picha bora kuliko DVD yoyote iliyotokana nayo.

Dalili: mwanzo wa kipande umeganda, au una mabaka ya rangi kwa nusu sekunde

Umekata pasipokatika. MPEG-2 haihifadhi kila fremu nzima. Inaweka fremu moja kamili, halafu zinazofuata zinaeleza tu kilichobadilika, hadi fremu kamili nyingine. Kwenye DVD ya PAL kundi hilo halizidi fremu 15, yaani sekunde 0.6. Ukikata bila kukonvati, mkato lazima uanzie kwenye fremu kamili.

Kwenye Avidemux tumia mshale wa juu na wa chini kwenye kibodi. Inaruka kutoka fremu kamili moja hadi nyingine. Weka A hapo, kidogo kabla ya tukio. LosslessCut nayo ina kitufe cha kukata kwenye fremu kamili. Nusu sekunde ya ziada mbele ya dua haimdhuru mtu. Ukihitaji mkato kwenye fremu halisi, kwa mfano unaunganisha vipande vya kumbukumbu ya marehemu, itabidi ukonvati sehemu hiyo, na ufanye hivyo kwenye nakala ya pili.

Dalili: sauti inatangulia mdomo, inachelewa, au haipo

Kagua asili kwanza. Cheza diski kwa VLC kwenye dakika ile ile. Kama hata humo Shehe anasema "amin" kabla mdomo haujafunguka, kosa ni la studio.

Ikiwa ni kipande chako tu, mara nyingi ulifungua VOB moja moja au ukaziunganisha ovyo. Saa ya ndani ya DVD inaweza kuanza upya katikati ya safari, na programu isiyosoma IFO inachanganyikiwa. Pitia MakeMKV, kisha kata kutoka kwenye MKV yake. Chanzo cha pili ni kuweka -ss baada ya -i katika amri ya ffmpeg wakati wa kunakili. Iweke kabla, kama nilivyoandika juu. Cha tatu ni diski iliyokuwa na mashimo: baada ya kila shimo sauti inasogea.

Tofauti ikiwa ile ile mwanzo hadi mwisho, inarekebishika bila kugusa picha. Kwenye VLC bonyeza K kuchelewesha sauti au J kuiwahisha, hadi midomo ilingane, na usome namba inayotokea. Tuseme ni milisekunde 250 za kuchelewesha:

`ffmpeg -i dua.mkv -itsoffset 0.25 -i dua.mkv -map 0:v -map 1:a -c copy dua_sawa.mkv`

Tofauti inayokua kadiri dakika zinavyokwenda haitibiki hivyo. Rudi kwenye diski.

Sauti isipokuwepo kabisa, huenda ilianza baada ya picha na ffmpeg haikuiona. Ongeza `-analyzeduration 100M -probesize 100M` kabla ya -i. Au ni sauti isiyobanwa ya DVD ambayo MKV haiikubali moja kwa moja. Hapo andika `-c:v copy -c:a pcm_s16le`. Picha inabaki ilivyo.

Dalili: mistari mistari kama meno ya chanuo kwenye mtu anayetikisika

Hakuna kilichoharibika. Kamera za wakati ule zilipiga kila fremu kwa nusu mbili zinazopishana, nusu 50 kwa sekunde, na televisheni za zamani zilizionyesha hivyo. Kompyuta inaziweka pamoja, ndiyo unaona mistari kwenye mkono unaopunga na upindo wa kanga. Kwenye VLC bonyeza D na mistari inatoweka wakati wa kutazama tu.

Usiifute kwenye nakala ya hifadhi. Ifute kwenye toleo la kutuma, nalo ndilo pekee linaloruhusiwa kukonvatiwa:

`ffmpeg -i dua.mkv -vf "bwdif,scale=768:576,setsar=1" -c:v libx264 -crf 18 -preset slow -c:a aac -b:a 192k dua_simu.mp4`

Hiyo inageuza nusu 50 kuwa fremu 50, na mchezo unabaki mwororo. Programu zinazotupa nusu moja ndizo zinazofanya ngoma ionekane inarukaruka. Kwa picha pana andika 1024:576 badala ya 768:576.

Dalili: watu wamerefuka na kukonda, au wamenenepa

Nukta za DVD si za mraba. Vipimo ni vile vile 720 kwa 576 iwe picha ya 4:3 au ya 16:9. Kuna alama ndani inayosema ivutweje. Alama ikipotea, au studio ikiwa iliiweka vibaya, bibi harusi anabadilika umbo. Irudishe bila kukonvati:

`ffmpeg -i dua.mkv -map 0 -c copy -aspect 4:3 dua_umbo.mkv`

Tazama sahani au saa ya ukutani ndani ya picha. Ikiwa duara, umepatia.

Dalili: diski haina VIDEO_TS, ina folda ya MPEGAV

Hiyo ni VCD, na kaswida na taarabu nyingi za zamani ziko humo. Picha yake ni 352 kwa 288 tu, MPEG-1, basi usitarajie zaidi. Nakili AVSEQ01.DAT kwenye kompyuta, kisha `ffmpeg -i AVSEQ01.DAT -c copy wimbo.mpg`. Kwenye Linux kunakili kwa kawaida hugoma kwa sababu sekta za VCD zimepangwa kivingine, tumia programu ya vcdxrip. Na tofauti na DVD, data ya CD iko juu, chini tu ya maandishi. Kalamu yenye ncha ngumu upande wa juu inaua zaidi ya mkwaruzo wa chini.

Dalili: simu haifungui, flashi inakataa, au WhatsApp imeharibu

Simu nyingi hazisomi MPEG-2 zenyewe. Sakinisha VLC ya simu, au tuma lile toleo la MP4. Flashi inayokataa faili linalozidi GB 4 imepangwa kwa FAT32. Hamisha vilivyomo kwanza, kisha ipange upya kwa exFAT. Na WhatsApp huminya kila video inayotumwa kama video. Tuma kama nyaraka, hadi GB 2, nayo itafika ilivyoondoka.

Wakati wa kumwachia mtaalamu

Diski yenye ufa, iliyobanduka tabaka, au iliyo nakala pekee ya sauti ya marehemu na tayari imekataa draivu mbili: acha kuijaribu, maana kila mzunguko unaweza kuongeza jeraha. Draivu iliyomeza diski, zima kompyuta, sukuma waya mwembamba kwenye kitundu kidogo cha mbele. Trei isipotoka mpe fundi. Usifungue draivu ikiwa na umeme, kwa sababu leza yake ni hatari kwa macho.

Ukimpelekea fundi, usimwambie "nitolee video". Mwambie unataka faili la ISO la diski nzima, au folda yote ya VIDEO_TS, kwenye flashi yako, na diski yako urudishiwe. Kama ni VCD, mwombe mafaili ya DAT. Akikupa MP4 tu, fungua VLC mbele yake, bonyeza Ctrl na J, msome pamoja, na mwombe arudie kabla hujaondoka.